Harufu ya Penseli

Kabla ya lile dumu nilikuwa nikichanganya kwa jicho:
petroli lita moja,
oili vifuniko vitatu vya soda, vinne nikiwa na haraka,
oili nyeusi ya gereji, iliyokwisha kuzunguka
ndani ya lori la mtu mwingine hadi ikachoka.
Msumeno uliinywa, ukakohoa. Nami nikakohoa.
Tulikuwa mapacha, mmoja wa chuma.

Moshi wa samawati ulinivaa kama koti la kurithi.
Nilitoka nao Kilimani, nikaingia nao Kawangware usiku.
Ndinda, binti yangu, hakuhitaji kusikia komeo:
"Baba, harufu yako hubisha hodi kabla yako."
Alisema akicheka. Mama yake hakucheka.
Shati langu aliliroweka peke yake, karai lake, maji yake,
kama nguo ya mgonjwa.

Wenzangu walinipa dawa: paketi ya maziwa
kila saa sita, eti maziwa huosha kifua.
Miaka kumi na mmoja nimekunywa maziwa.
Aliyefaidi ni mwenye ng'ombe.

Kisha Julai, asubuhi ya baridi ya kuuma masikio,
Nafuna, msimamizi wetu, akashusha dumu jipya,
ndani yake kitu angavu kama maji yaliyochemshwa yakapoa.
Otwori akanusa. Akanusa tena.
"Madam, hii si petroli. Umeuziwa maji."
Nafuna akataja bei. Otwori akafunga mdomo.
"Yamechujwa ule uchafu unaowaumiza kichwa," akasema,
"na oili imepimwa kiwandani, si kwa kifuniko.
Mapafu nayo yana bei, ila risiti yake huchelewa."

Nikavuta kamba. Mara moja, mara mbili.
Ukawaka.
Nikageuka kuutafuta moshi,
kama abiria aliyeshuka na kuhisi mikono mitupu.
Palikuwa na kauzi tu, kembamba, kakapotea.
Waliosema pafukapo moshi pana moto
hawakutuachia neno juu ya moto usiofuka.
Kelele zilikuwa zile zile, msinielewe vibaya;
msumeno haukugeuka malaika.

Mti wa siku hiyo ulikuwa mtarakwa,
ndani ya ua wa nyumba ya zamani yenye vigae,
palipopangiwa ghorofa kumi na nne na bwawa la kuogelea.
Kibali kilikuwa na mhuri. Nilikisoma mara mbili.
Nikaingiza meno kwenye gome,
unga mwekundu ukanirukia mikononi,
na hapo ndipo nilipoipata:

harufu ya penseli.
Penseli mpya, imechongwa kwa wembe, darasa la pili kule Kangundo,
mwalimu akipita kati ya madawati,
nami nikinusa ncha badala ya kuandika.
Miaka kumi na mmoja nimekata miti ya jiji hili,
mikaratusi, mijakaranda, misaipresi ya uzioni,
na kumbe sikuwahi kukutana na hata mmoja.
Moshi ulikuwa umesimama katikati yetu
ukiniambia: endelea, ni mbao tu.

Nikauzima.
"Umeharibika?" Otwori akauliza.
"Hapana. Umepona."
Nafuna akatazama saa yake, wala hakusema kitu.
Nikauwasha tena; karo haimngoji mtu anayenusa.
Mti ukalala saa tano na robo.
Sitawadanganya kwamba nililia.

Jioni Ndinda alifungua mlango, akashtuka.
"Leo umefika bila kubisha!"
Akaushika mkono wangu, akaunusa.
Akaenda kwenye mkoba wake wa shule, akatoa penseli,
akanusa penseli, akanusa mkono, akarudia penseli.
"Yangu hainuki hivi," akasema.
Sikuwa na jibu.

Mama yake akalichukua shati,
akasita juu ya makarai mawili,
kisha akalitumbukiza pamoja na sare ya mtoto.