Tundu la Geti

Mteja wa Mbezi alitaka geti lenye tundu,
tundu dogo la mlinzi kuchungulia nje,
na juu ya tundu kifuniko cha bati
kinachoning'inia kwa bawaba, kishuke kikiachwa.
"Vumbi lisiingie," alisema,
"wala kijiti cha mtoto mtundu."
Akaongeza elfu kumi kwa ajili ya kifuniko.

Nikaipokea elfu kumi yake.
Nikawasha grenda, macho matupu,
nikalikatia jicho la geti kope yake.

Ndiyo siku hiyo.

Gerezani, saa nane mchana,
jua limetukalia kama mwenye nyumba tarehe mosi.
Miwani ipo, usidhani haipo:
inaning'inia msumarini nyuma ya mlango,
imevaa buibui, yule mwenye miguu minane.
Ukiivaa wewe unatoka jasho, yenyewe inashika ukungu,
unakata chuma kwa kukisia
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Na vijana hawakosi neno: "Fundi, unaenda kuogelea?"

Sikusikia maumivu. Nilisikia mchanga.
Chembe moja tu, jicho la kushoto, karibu na pua.
Kibwana akaja na pindo la kanga ya kuazima,
Pazi akaja na njiti ya kiberiti,
mwingine, simtaji, akaja na ulimi.
Mama Chausiku wa chapati, mwenye kichanga cha miezi mitatu,
akanikamulia maziwa palepale, bila haya,
nami nimelala chali juu ya mabati
nikinyonyeshwa jicho
kwa miaka yangu arobaini na miwili.
Tukacheka. Wallahi tulicheka.

Usiku wa tatu sikucheka.

Hospitali, daktari, binti mdogo tu,
alinionyesha juu ya pamba:
kidude cha rangi ya kutu,
kidogo kuliko jino la sisimizi.
"Ni hiki?" nilimuuliza. "Hiki tu?"
"Ungekuja siku ileile..." alisema,
na sentensi hakuimaliza.
Mwisho wake bado nausubiri.

Geti la Mbezi nililimalizia kwa jicho la kulia.
Tundu limekaa upande, milimita nne hivi.
Mteja hakugundua.
Kifuniko kinafanya kazi vizuri sana.

Siku hizi chai naimimina pembeni ya kikombe.
Bega la kushoto linajua kila mwimo wa mlango.
Mwamvua, mke wangu, haniiti chongo;
husema, "Njoo huku ninakoonekana,"
na hukaa kulia.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Walisema kweli; hawakuwa na grenda.
Mimi la kwangu nimelinunua Kariakoo,
elfu sita baada ya kubishana,
plastiki, lina matundu ya hewa ubavuni.
Asubuhi nalitemea mate kwa ndani, nalipangusa,
na ukungu haushiki mpaka adhuhuri.
Ujanja wa mate kanifundisha Sijaona,
mchomeleaji wa karakana ya pili, binti wa Temeke.
Jina Sijaona, na anaona kuliko sisi sote:
hagusi waya kabla ngao haijashuka usoni,
na ukikatiza karibu yake anafoka, "Geuka!"
hata kama kodi ya banda unalipa wewe.

Leo nimeletewa kijana, Shukuru, miaka kumi na saba.
Nimempa miwani.
Ameivaa kwenye kipaji cha uso
kama bishoo wa Coco siku ya Jumapili.

Nimezima umeme.
Nimekaa juu ya ndoo, nimetoa karanga.
Ananitazama, anangoja nimhutubie.
Sihutubii. Natafuna.
Simu ya mteja inaita, inakata, inaita tena,
kivuli cha bati kinasogea hadi miguuni petu,
naye amesimama na grenda iliyokufa mkononi,
mpaka mwenyewe, kwa kidole kimoja,
kama mtu anayekuna uso,
anashusha kifuniko.