Kiatu cha Kushoto

Mshahara wa kwanza uliingia kwenye simu saa tano usiku,
elfu kumi na nne na mia tatu.
Niliusoma mara tatu kama barua ya posa,
kisha nikazima taa, nisiuchakaze kwa macho.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Nyaguthii, hapa Kaptembwa,
nikanunua daftari la kurasa arobaini na nane
na kalamu ya buluu. Shilingi thelathini na tano.
Ndiyo hesabu ya kwanza niliyoandika:
daftari lilianza kwa kujidai lenyewe.

Kodi, elfu tatu na nusu. Maji, mitungi sita kwa wiki.
Unga napata kiwandani kwa bei ya wafanyakazi,
na vumbi lake hunifuata hadi nyumbani kichwani mwangu;
watoto wa ploti huniita Nyanya Mvi,
nami nina miaka ishirini na miwili.
Kuresoi, kwa mama, elfu mbili.
Mama haombi.
Husema tu ng'ombe amepunguza maziwa.

Viatu.
Hapa mwandiko unainama.
Viatu vyekundu vya dirishani, elfu mbili na mia nne,
nilivivaa mara moja, harusini, vikanitafuna visigino.
Sikuvifuta. Nilivizungushia duara
jinsi mwalimu anavyozungushia kosa.

Lakini si viatu vilivyonila.
Mwezi wa tatu niliketi nikajumlisha vidogovidogo:
sukari ya kufungiwa karatasini,
mafuta ya kupimiwa, ya kukaangia kitunguu kimoja,
makaa ya kopo.
Kopo moja shilingi themanini, kila siku, siku thelathini.
Elfu mbili na mia nne.
Bei ya viatu vilevile,
kila mwezi, na hata harusi hakuna!

Mwenye kidogo huuziwa kidogo,
na kidogo ndicho ghali.
Tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba.
Nani alitwambia kwamba hukitoboa pia?

Nikabisha milango mitatu.
Kwamboka, anayefua nguo za watu Milimani.
Apiyo wa saluni.
Simiyu, mlinzi wa benki, asiye na akaunti.
Gunia moja, elfu mbili na mia sita, kwa wanne.
Tuliyamwaga makaa uani, tukayapima
kwa kopo lilelile la muuzaji, la kuazima:
makopo kumi na matatu kila mlango.
Simiyu alihesabu mara mbili, mikono nyuma,
kama yuko kazini.
Apiyo akalalamika yake yana vumbi jingi.
Tukagawana na vumbi.

Kila gunia lilinibakizia mia tatu na tisini.
Sikuziweka kwenye simu;
simu ina mdomo, na jamaa wana masikio.
Nilizitia ndani ya kiatu chekundu, cha kushoto,
mahali ambapo hata mimi
sina hamu ya kutia mguu.

Magunia manane. Julai, baridi ikishuka kutoka Menengai,
kiatu kilikuwa na elfu tatu, mia moja na ishirini,
nami nilikuwa tayari nimechagua mtungi wa gesi,
ule wa kijani, nimeshaugusa hata mpini.

Mama akapiga simu jioni.
Hakuomba.
Alisema ng'ombe hainuki.

Nilikaa kitandani na kiatu mapajani.
Naijua ile namba ya mkopo, naijua kwa kidole,
inavyokupa kwa upole
na inavyokata kabla hujaamka.
Sikuibonyeza.
Nikamtumia daktari wa mifugo elfu tatu,
nikaandika: Ng'ombe, 3,000.
Na kando yake, kwa herufi kubwa kuliko lazima:
DENI, HAKUNA.

Siku ya tatu ng'ombe alisimama, akala, akampiga mama teke.
Mama alisimulia teke hilo kwa furaha
hadi salio lake likaisha.

Kiatuni zimebaki mia moja na ishirini.
Mtungi wa kijani bado uko dukani, au umeuzwa, sijapita kuona.
Jumamosi tunanunua gunia la tisa, zamu ya Kwamboka kuazima kopo.
Nimefika ukurasa wa thelathini na mmoja.
Kalamu ya buluu imeanza kukwaruza.
Nyingine nitanunua mwisho wa mwezi.
Leo naipuliza ncha, naisugua kiganjani,
inaandika.