Andika Kinaumwa

Umeme wa Tanga umekatika tangu isha,
nao hupita chini ya bahari kuja kwetu
kama mgeni asiyeaga akiondoka.
Lakini hiki kidude kina umeme wake, mdogo,
wa betri moja nyembamba kama kucha,
na alfajiri hii, Maziwang'ombe,
hakuna kingine kinachowaka.

Usiku tumewabeba watatu.
Wa mwisho mtoto wa Hadia, macho yamezama,
ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama
kama kitambaa kilichosahau kunyooka.

Zamani ningejaza chupa, nikaifunga kwa plasta,
nikampa mtu wa pikipiki aende nayo Chake,
na kama mashine ya Chake ni mbovu, ivuke Unguja.
Jibu lilirudi mtondogoo,
limepigwa muhuri, limetiwa saini,
likatukuta kwenye hitima.

Leo maabara imo mkobani mwangu,
baina ya kanga ya akiba na pakiti za chumvi na sukari.

Nachukua kijiti. Chepesi kama unyoya.
Juu yake mistari mitatu ya kaboni,
na kwenye ncha wamepaka kitu nisichokiona.
Kwenye mafunzo, Wete, walituchorea ubaoni saa nzima;
mimi nilielewa nilipowakumbuka kaka zangu
wakichemsha utomvu wa mfenesi,
wakipaka vijiti, wakitegea ndege:
ulimbo.
Ila huu ni ulimbo unaochagua.
Chozi apite, tetere apite,
kunguru apite na kelele zake,
anaswe mmoja tu, yule tuliyemfuata.
Akinasa, umeme unakwama kidogo,
kidogo kuliko wa kumshtua sisimizi,
na kidude kinahisi, kinaandika namba.

Tone moja la maji ya kisima.
Kusubiri: kama kutoka adhana hadi ikama.

Bi Mize amekaa juu ya jiwe, kamba mkononi.
Kisima hiki alichimba mumewe, Shaame,
viangazi vitatu, kwa mtaimbo, kwenye mwamba wa matumbawe.
Akasema: nikifa msinijengee kitu, nimeshajenga.
Sadaka ya jariya. Miaka kumi na tisa
kila ndoo inayopanda, anaandikiwa.

Namba inapanda.
Natamani ikosee.
Kijiti cha pili, tone la pili. Inapanda.
Cha tatu nakidondoshea maji ya chupa, ya dukani:
sifuri.
Sifuri safi, ya kiburi.
Cha nne sina ruhusa ya kukiharibu.

"Bi Mize."
"Nakusikia. Uso wako umeshasema."
Namweleza habari ya choo kipya cha jirani,
mvua ya juzi, mwamba wetu unaovuja kama pakacha.
Hayo hayasikilizi. Ananiuliza:
"Basi thawabu zake zimekatika?"

Kidude kimya. Kina vitufe viwili,
hakuna cha swali hilo.
Nami sikufundishwa, si Wete, si chuoni.

Wanakuja watoto na madumu, wanagongana, wanacheka.
Yeye anainuka kabla yangu.
Anafungua kamba kwenye ndoo, fundo kwa fundo,
anaburuta mlango mkuukuu wa banda la mbuzi,
anafunika mdomo wa kisima,
kisha anaketi juu yake, miguu ameikunja,
kama mtu aliyefika kwao.
"Nendeni kwa Makame. Leo hapa hapanywewi."

Nafungua fomu. Jina la kisima. Hali yake.
Kalamu imeshaanza.
"Unaandika nini?"
"Kimechafuka."
"Hapana. Mtu akiugua hasemwi amechafuka.
Andika kinaumwa.
Na hapo chini andika
siku utakayorudi kumtazama."