Nusu ya Mtoto

Karani wa duka kule Yorkton aliandika bei
nyuma ya risiti ya mafuta ya trekta:
dishi, dola mia sita, kulifunga ni mbali,
na kila mwezi tisini, mvua inyeshe, jua liwake.
Wasyl akaikunja, akaibana chini ya kichupa cha chumvi.
Ikakaa hapo toka mavuno hadi theluji ya kwanza.

Modemu yetu ni kijisanduku
chenye rangi ya maziwa yaliyochacha.
Ukiiwasha inapiga simu kama mtu,
inangoja, inaitikiwa,
kisha wawili hao wanazomeana,
kriii, kroo, shhhh,
na mbwa anaingia uvunguni.
Dola kumi na tisa tu, na waya tunao tayari,
ule wa shaba, baba mkwe aliungoja miaka saba.
Polepole ndio mwendo, nilimwambia Wasyl.
Mwendo wa nani, akauliza.

Tatizo ni kwamba ikisema yenyewe, sisi hatusemi.
Lesia alitupigia kutoka Halifax siku ya uchungu,
akapiga, akapiga, tuti, tuti, tuti,
maana baba yake alikuwa anafungua bei ya ngano,
na bei ilishuka kabla ukurasa haujafunguka.
Mjukuu wetu alizaliwa laini ikiwa na shughuli.

Picha yake ilikuja usiku, mstari kwa mstari,
kama pazia linaloshushwa na mtu mwenye usingizi.
Dakika ya kwanza, ukuta wa hospitali.
Ya nne, nywele. Nyeusi. Za nani hizi?
Ya tisa, paji la uso na mkunjo mmoja.
Nikaenda kumimina chai, nikarudi: nyusi.
Tukabishana juu ya pua ambayo haijafika.
Dakika ya kumi na saba akapiga jirani, Bohdan,
kuuliza kama tuna betri ya ziada,
na laini ikakatika pale pale machoni.

Nikalala na nusu ya mtoto.

Asubuhi Wasyl aliitoa risiti chini ya chumvi
bila kusema neno.

Fundi, Garnet, alikuja na ngazi na pua nyekundu.
Lazima litazame kusini, akasema,
setilaiti imesimama juu ya ikweta,
kilomita elfu thelathini na sita, haisogei.
Nikatazama kusini.
Niliona ghala la Bohdan.

Sasa picha zinatua nzima nzima,
pap, kama sahani mezani.
Mtoto ana meno, mtoto amesimama, mtoto ana kofia,
na hatupati hata nafasi ya kubishania pua.
Nikiongea na Lesia kwenye kompyuta
cheko langu linapanda kwanza hadi huko juu,
kisha linashuka Halifax,
anacheka mimi nikiwa nimeshanyamaza.
Maneno yetu yanagongana
kama wageni wawili mlangoni, pita wewe, hapana, wewe.
Na kuna kipimo cha siku: ukikivuka
kampuni inakuminya, unatambaa
kwa mwendo ule ule wa zamani, ila kwa dola tisini.

Januari dishi lilijaa theluji.
Wasyl alitoka na ufagio, hasi thelathini na moja,
akasimama juu ya pipa akiipangusa mbingu,
akitukana kwa Kiukraini, lugha anayoitunzia kazi hiyo.

Juzi Bohdan aliniuliza achukue lipi.
Nikamuuliza, una nani mbali?
Akafikiri kwa muda mrefu, akavaa glavu zake.
Basi sijui alinunua nini.

Modemu sikuitupa. Iko kabatini, kati ya soksi.
Usiku wa dhoruba, dishi likiwa kipofu,
naichomeka ukutani. Inapiga, inangoja,
na mbwa, ambaye siku hizi hasikii vizuri,
ananyanyua sikio moja.