Nyuzi Mbili Hadi Nane

Miaka sita waliuita ugonjwa wangu amiba.
Kila zahanati ya Kadutu ilinipa jina hilohilo
na vidonge vyenye ladha ya msumari.
Amiba gani hii isiyokufa,
inayoniamsha kwa damu
kabla kengele ya parokia haijalia?

Nilijua vyoo vyote kutoka sokoni hadi Nyawera,
kipi kina komeo, kipi chadai faranga mia mbili.
Sikujua tena kumaliza mshono.

Kisha daktari Bisimwa, kijana wa juzi,
akaingiza kamera yake, akanyamaza.
"Mama Nabintu, hakuna mdudu.
Ni askari wako mwenyewe
wanaichoma nyumba waliyopewa kulinda."
Nikacheka mpaka tumbo likaniuma upya.
Bukavu hii, daktari,
hilo ulihitaji kamera?

Prednisoni ikaja kwanza: uso ukaumuka kama andazi,
usingizi ukahama, nikagombana na cherehani.
Damu ilikoma. Nilipopunguza vidonge
ikarudi kama mdai.

Sasa kuna sindano.
Haiwanyang'anyi askari wote bunduki, asema Bisimwa,
yamziba mdomo mpiga filimbi mmoja tu.
(Ndiyo maana walinipima kifua kikuu kwanza:
lindo likipungua, mwizi wa zamani huamka.)
Binamu yangu Cirhuza huivusha Ruzizi
ndani ya chupa ya chai.

Karatasi yake yasema: itunzwe nyuzi mbili hadi nane.
Mimi fundi, nyuzi nazijua,
lakini hizi hazipiti kwenye tundu la sindano,
na umeme wa mtaani kwetu hausomi karatasi.

Frigo ni ya Namwezi, muuza sambaza.
Juzi moto ulikatika tangu saa nane mchana.
Usiku nilimkuta amepiga magoti mbele ya beseni,
sindano yangu ameizungushia kitambaa, isigande,
barafu yote kaipa hiyo.
Sambaza zake zilikuwa zimeanza kulegea macho.

"Namwezi, mtaji wako!"
"Sambaza zingine ziko ziwani," akasema.
"Wewe mwingine nitamvua wapi?"

Nikaiacha nusu saa ipoteze baridi,
nikajidunga paja. Ilinuka samaki kidogo.

Leo nimeshona sare za shule, saa nne mfululizo,
sijainuka.
Mguu umekufa ganzi.
Nauacha hivyohivyo kwanza,
niusikilize.