Shibiri na Kidogo

Mji unaitwa Kitab.
Ongeza irabu moja mwishoni, ni kitabu,
na kweli pale, katikati ya bustani za aprikoti,
walikuwapo watu walioisoma ardhi
kwa kuinua macho.

Kituo cha kwanza kilikuwa magharibi, kando ya mto mpana
wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa.
Mto ukahama. Ukaula ukingo usiku baada ya usiku
hadi karibu na nguzo ya darubini.
Waliokuja kupima kuhama kwa ncha ya dunia
wakahamishwa na matope.

Basi wakaja Kitab, kwenye mstari uleule,
nyuzi thelathini na tisa na dakika nane.
Ufuate bila kugeuka: utavuka Japani,
utavuka mashamba ya zabibu ya Amerika
na kisiwa cha Italia kinachonuka jodari,
na kila mahali utakuta kibanda chenye paa la kufunguka
na mtu anayepiga miayo
chini ya nyota zilezile.

Wa Kitab aliitwa Varvara Nikiforovna.
Nyota moja kusini ya utosi,
nyota moja kaskazini ya utosi,
geuza darubini, subiri kiputo kitulie kwenye pimamaji,
sema namba.
Aliyeandika ni Sanobar, binti wa bawabu Hamrokul,
kwa penseli, kwani wino uliganda Januari,
na jiko lilikatazwa: joto kidogo tu
hutetemesha nyota.
“Hata pumzi,” Varvara alisema, “ielekeze kando.”

Sanobar, miaka kumi na sita, akauliza:
kama dunia inayumba, mbona bakuli la chai halimwagiki?
Varvara akachora duara kwa kijiti kwenye theluji ya uani,
kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mforosadi.
“Ncha ya kaskazini huzunguka humu. Haitoki.
Miezi kumi na minne, inarudi ilipoanzia;
karibu tu, si palepale.”
“Ua wetu huu?”
“Huu huu.”
“Na sisi twaweza kupima hatua ndogo kiasi gani?”
Akakikunjua kiganja ndani ya glavu iliyotoboka:
shibiri na kidogo.

Vita vikaja. Karatasi ikaadimika,
wakaandika pembezoni mwa madaftari ya zamani.
Norbuta, kaka yake Sanobar, alipandishwa treni, hakurudi.
Usiku wa habari ile anga lilikuwa safi mno.

Mimi kazi yangu ni kunakili namba hizo ndani ya kompyuta.
Nimeuona ukurasa: jozi kumi na nne, hakuna iliyorukwa,
ila kwenye jozi ya tisa namba imefutwa mara tatu
na karatasi imetoboka.
Katika hesabu za mwisho jozi ya tisa ilitupwa.
Imezidi mno, waliandika. Sababu haijulikani.

Leo setilaiti hufanya kazi hiyo mchana kweupe.
Darubini imefunikwa shuka la maua,
na paa limeshika kutu, halifunguki.

Nilimtembelea Sanobar akiwa na miaka themanini na minne,
akichambua mbegu za aprikoti kwenye sinia.
Nikamwambia nimeirudisha jozi ya tisa mahali pake.
Hakusema kitu kwa muda.
Kisha: “Na ncha, iko wapi sasa?”
Nikatazama simu. Nikamwonyesha kwa mkono:
bado inazunguka, bibi, ila duara lenyewe limesogea,
limevuka mforosadi, limevuka ukuta,
liko kwa jirani.
Akacheka hadi mbegu zikamwagika.
“Na Varvara aliapa haitoki!”
Alipotulia akaniinamia aniambie neno,
akageuza uso pembeni kwanza,
akapumua huko.