Nje ya Mstari

Ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi saa nne,
mkeka umezungukwa na mstari mwekundu.
Ukiukanyaga, refa anapaza sauti.
Ukizidi kuuvuka, adhabu.
Sheria hiyo niliijua kama jina la mama:
miaka sita ya karate ndani ya mita nane,
medali tatu kwenye msumari jikoni,
moja imeshika mafuta ya chapati.

Kisha ile Alhamisi ya Juni.
Nimetoka zamu, saa tano usiku,
ngazi za daraja la Muthurwa zanuka mkojo.
Wakashuka wawili. Mmoja akapanda.
Hakuna aliyeinama kunisalimu,
hakuna aliyeuliza uzito wangu.
Wa chini alishika bisibisi,
na teke langu, lile la medali,
likakwama kwenye sketi ya kazi.

Nikasema: Chukua.
Mkoba, simu, hata bakuli la githeri.
Maneno yalikuwa ya kocha Musyimi, fundi wa friji,
anayeanza kila darasa kwa kutuangusha:
anguka, viringika, inuka, tazama mlango.
Tulimcheka. "Kocha, mlango haupigi ngumi!"
Wakainamia mkoba. Nikavua viatu,
nikampita wa chini kwa bega,
nikaanguka, nikaviringika, nikainuka,
nikakimbia peku juu ya makapi ya miwa
hadi kwenye taa ya muuza mayai,
ambaye hakuuliza kitu, alisogeza tu ndoo nikae.

Jumamosi nilirudi mkekani.
Nthenya wa Dandora, mtoto wa juzi, mshipi wa kijani,
akanisukuma kidogo,
na miguu, bila kuniuliza, ikatoka.
Ikatoka tena.
Macho yalikuwa mlangoni.
Watu wa benchi wakaguna: huyu kaoga?

Leo jirani kaniuliza, ngumi za miaka yote zilifaa nini
ikiwa ulikimbia?
Sikuwa na jibu la kumtosha.
Mkeka hauna ngazi. Mkeka hauna wa tatu.
Lakini ni mkekani nilikoanguka mara elfu
mpaka sakafu ikaacha kunitisha,
na hilo halina pointi.

Refa aliandika: ametoka.
Mama, usiku ule, alivuta komeo,
akatazama nyayo zangu zilizochanika,
akasema: umefika.
Kisha akaenda kuchemsha maji ya chumvi,
akilalamikia viatu.